Mahali Ilipotokea Ajali

Mgonjwa mzito alipoletwa wodi ya wanaume, hakuna aliyeuliza mashine iko wapi. Waliuliza Winchi yuko zamu gani.

Winchi alikuwa mhudumu wa wodi, mwanamke wa miaka arobaini na minne, mfupi, mwenye mabega mapana. Jina hilo alipewa na wenzake kwa utani katika mwaka wake wa pili wa kazi, baada ya kumnyanyua dereva wa trekta aliyevunjika miguu yote miwili, na likamganda. Hata madaktari walimwita hivyo. Mwanzoni lilimchekesha. Siku hizi aliitika tu, kama mtu anavyoitikia namba yake kwenye foleni.

Asubuhi ya Jumanne waliitwa watu wanne kumhamisha muuza mbao kutoka kwenye machela kwenda kitanda namba sita. Mzani wa hospitali uliishia kilo mia na hamsini, na kwa mzee huyu mshale ulikuwa umegota mwisho. Wakashika shuka kila mmoja pembe yake, Winchi akiwa upande wa mabega, ambako ndiko kuzito. Walipoinua, mwenzao mmoja, kijana waliyemwita Mrefu, alikanyaga maji yaliyomwagika, akateleza na kuachia pembe yake. Uzito wote wa upande ule ukamwendea Winchi.

Angeweza kuachia naye. Mzee angetangulia kichwa sakafuni. Hakuachia. Kitu kikalia chini ya mgongo wake, mlio mdogo kama kijiti kikavu, halafu moto ukamshuka mguu wa kushoto mpaka kisiginoni.

"Umeumia?" Mrefu aliuliza alipoinuka.

"Nimeshtuka tu. Futa hayo maji kabla hajaanguka mwingine."

Alimaliza zamu akitembea kwa kushika kuta. Saa nane alikwenda stoo kuchukua mashuka, na kama kawaida alilazimika kupita ubavu ubavu, kwa sababu mashine ilikuwa imeziba nusu ya mlango. Ilikuwa mashine ya kuinulia wagonjwa: nguzo ya chuma, mkono mrefu wa kunyanyulia, magurudumu manne, na mbeleko ya turubai ambayo mgonjwa huketishwa ndani yake akapaa bila kuguswa. Ililetwa miaka mitatu iliyopita na wafadhili, picha zikapigwa, chai ikanywewa. Nailoni yake haikuwahi kutolewa. Watu waliiwekea makoti.

*

Nyumbani alisubiriwa na kazi ileile.

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa fundi cherehani, mtu mnene tangu ujanani, mcheshi, aliyeweza kukukatia suti kwa kukutazama tu. Miezi mitano nyuma aliteleza kwenye ngazi za duka lake akavunjika nyonga. Mfupa uliunga vibaya, sukari ikamaliza nguvu za miguu, na tangu hapo maisha yake yalikuwa kitanda, kiti, kitanda. Alikuwa na kilo mia na sabini na nane. Walizijua kwa sababu daktari alitaka uzito kamili kabla ya kumwandikia dawa, wakampeleka kwenye duka la jumla, kwenye mzani wa marobota ya mitumba. Mwenye duka, kwa mazoea, aliandika ile namba kwa kalamu nyeusi kwenye boksi, kisha akaona aibu, akaligeuza boksi.

Aliyewasaidia nyumbani ni wifi yake Winchi, mdogo wa Fundi, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mkali. Alikuja kwa wiki mbili. Sasa alikuwa na mwezi wa nne.

"Umechelewa, wifi," alisema jioni hiyo. "Kaka anataka kulala tangu saa kumi na moja. Nimemwambia mimi peke yangu nitaishia kuwa godoro."

"Leo niache hapahapa kitini," Fundi akasema. Alikuwa amemtazama mkewe akiingia.

"Ukae mpaka asubuhi? Na vile vidonda?"

"Unachechemea."

"Nimechoka. Inua mikono."

Akamkumbatia kwapani kama kila siku, akasukuma miguu yake katikati ya miguu ya mumewe, Wifi akakaa nyuma na kushika mkanda. Fundi alinyanyuka nusu. Kisha mguu wa kushoto wa Winchi ukakataa. Haukuuma hata, ulitoweka tu, kana kwamba kuna mtu ameuchomoa. Wakashuka wote wawili taratibu mpaka sakafuni, yeye chini, Fundi juu ya paja lake.

Wifi alitumia nusu saa kuwakusanya wanaume. Walikuja sita: kinyozi, muuza mkaa na wanawe wawili, mlinzi wa ghala, na mpangaji wa jirani ambaye hawakuwahi hata kusalimiana naye. Fundi alikuwa chali, shati limepanda mpaka kifuani. Winchi, ambaye bado alikuwa amebanwa mguu, alikuwa akilivuta shati kwa vidole, akijaribu kumsitiri, na shati halikufika.

"Fundi," muuza mkaa alisema huku akitandaza blanketi, "baada ya hapa kila mtu umshonee suruali."

"Nitawashonea. Ila kipimo cha kiuno nitachukua nikiwa hukuhuku chini."

Wakacheka. Fundi alicheka kuwazidi, kama alivyozoea, ili wasipate nafasi ya kumcheka yeye. Walipomfikisha kitandani, kinyozi alitoka nje akasimama ameinama, mikono magotini, akihema. Hakukusudia kuonekana, lakini dirisha lilikuwa wazi.

Chakula kilipoletwa, Fundi alisema hana njaa. Asubuhi hakuwa na njaa pia. Mchana, Wifi alichukua sahani iliyojaa vilevile, akasimama mlangoni.

"Kaka, unadhani utakonda kufikia Ijumaa?"

Fundi alifumba macho, akajifanya amelala.

*

Daktari alimwona Winchi siku hiyo hiyo ya Jumatano. Alimgonga goti, akamvuta kidole cha mguu, akaandika wiki sita za kupumzika: kulala chali mahali pagumu, kutoinua kitu kizito kuliko birika. Winchi alitaka kucheka. Karatasi ilihitaji kuambatanishwa na fomu ya ajali, na fomu ilikuwa kwa matroni.

Matroni alikuwa ameshaijaza. Alikuwa na mwandiko mzuri, wa kizamani, na kati ya mistari kumi na minne alibakiza mmoja tu.

"Kaa, Winchi."

"Nikikaa sitainuka, matroni."

"Basi simama." Akaweka kidole penye mstari mtupu. "Mahali ilipotokea ajali. Nashauri tuandike nyumbani."

"Ilitokea kitanda namba sita."

"Najua. Na jana jioni kwako ilitokea nini?" Habari za wanaume sita zilikuwa zimefika hospitali kabla ya Winchi. "Mtaa mzima unajua Fundi alianguka na wewe ukawa chini yake. Nani atabisha?"

"Mgongo ulilia asubuhi. Mrefu yupo, alisikia."

"Mrefu ana mkataba wa miezi sita," matroni akasema. Hakuukaza uso, wala sauti. Wote wawili walielewa.

Matroni hakuwa mtu mbaya. Fundi alipovunjika, yeye ndiye aliyempa Winchi siku nne za ruhusa bila karatasi, na mara nyingi alifunika makosa ya wahudumu ambayo yangewafukuzisha. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sare yake.

"Nikiandika wodini, watauliza mashine ilikuwa wapi. Kila miezi mitatu natuma ripoti kwamba inatumika. Nimetuma mara kumi na mbili. Nimebakiza mwaka na nusu nistaafu."

"Kwa nini hatukuitumia?"

"Mwanzoni nilisubiri waje kutufundisha. Hawakuja. Halafu nikaogopa tutaiharibu. Halafu muda ukapita sana, ikawa aibu kuitoa."

Nje, kitanda cha magurudumu kilipita kikilia. Matroni alivaa miwani.

"Sikukuita hapa kukukandamiza. Sikiliza. Gari la nguo za kufua linapita mtaani kwenu. Kesho litakushushia ile mashine. Kaa nayo mwaka, kaa nayo miwili. Hakuna mtu hapa anayeihitaji kuliko mumeo. Kitu kimoja tu, mstari huu."

"Wiki sita za nyumbani hazina mshahara."

"Hazina. Lakini utakuwa na mashine. Ukipona mgongo ukarudi kumbeba Fundi kwa mikono, utapumzika tena wiki ngapi?"

"Na wodini?"

"Wodini mko kumi na wawili. Nyumbani uko peke yako."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomuuma zaidi. Winchi aliichukua fomu, akaikunja mara mbili.

"Nipe mpaka kesho, mama."

*

"Andika hata kuwa umeangukia mwezini," Wifi alisema alipomaliza kusimuliwa. Walikuwa chumbani kwa Fundi, kwa sababu hapakuwa na chumba kingine chenye nafasi ya Winchi kulala chali. Alikuwa amelala mkekani, sakafuni, kando ya kitanda cha mumewe, akitazama dari. "Mashine ije. Mimi nina watoto wangu nimewaacha kwa mama mkwe. Ikija mashine, naweza kwenda kwangu."

"Sijasema siitaki."

"Sasa unafikiria nini? Hospitali ile inakufikiria wewe?"

Fundi alikuwa macho. Sauti yake ilitoka juu ya kitanda, nzito.

"Kwani kuna uongo gani? Waandike nyumbani. Si ni mimi niliyekuvunja?"

Winchi aligeuza kichwa. Kutoka pale chini aliona mkono wa mumewe tu, umeshika ukingo wa godoro, na ghafla akaelewa zile sahani. Alikuwa amerudi Jumanne akasema amechoka. Basi. Miaka yote alikuwa anasema amechoka, bila kufafanua, kwa sababu kufafanua nako kulichosha.

"Nilikuja nimeshavunjika," akasema.

"Nini?"

"Asubuhi. Wodini. Mrefu aliteleza, mzigo ukanijia. Nilimaliza zamu, nikaja. Kukuinua hakukunivunja. Nilijaribu kukuinua nikiwa nimevunjika."

Wifi alikunja kitambaa kilichokuwa tayari kimekunjwa.

"Siku mbili hizi," Fundi akaanza.

"Siku mbili hizi umejinyima bure."

Kitanda kililia. Fundi alikuwa anajaribu kujiegemeza kwa viwiko, apate kumwona, na hakuweza. Alibaki anaongea na dari kama yeye.

"Mke wangu, tangu nilale hapa nimebebeshwa mengi. Namaliza unga. Namaliza sabuni. Nimemtoa dada yangu kwake. Hayo nabeba, mengine ni kweli. Lakini hili la kitanda namba sita silibebi. Si langu."

"Maana yake mashine haiji," Wifi akasema.

"Najua maana yake."

"Hujui. Wewe unainuliwa, huinui."

"Mdogo wangu," Fundi alisema kwa upole, "unajua kitu ninachokiomba kila siku? Sio kutembea. Naomba niinuliwe mara moja tu bila kusikia mtu anaguna. Naitaka ile mashine kuliko nyinyi wote. Lakini nikipaa juu yake hapa, kule kuna mtu anaguna. Kuna mgongo wa mtu mwingine. Halafu karatasini imeandikwa ni mimi."

Wifi alitoka. Walimsikia jikoni akigonganisha sufuria kwa hasira, moja baada ya nyingine, halafu akatulia. Aliporudi alikuwa na sahani. Aliiweka kifuani kwa kaka yake, na Fundi akala mpaka ikaisha, akiuma midomo katikati ya matonge.

*

Alhamisi Winchi aliandika mstari ule mwenyewe, amesimama, fomu ikiwa juu ya kabati la matroni. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa na wa kupinda. *Wodi ya wanaume, kitanda namba sita. Mashine ilikuwa stoo.*

Matroni alisoma mara mbili.

"Hiyo sentensi ya pili haikuulizwa."

"Najua."

"Umenimaliza, Winchi."

Winchi alikuwa amejiandaa kwa maneno makali. Haya, yaliyosemwa kwa sauti ya mtu anayesoma tu, hakuwa amejiandaa nayo. "Samahani, mama," alisema, na alimaanisha, na hakuifuta ile sentensi.

Yaliyofuata yalikwenda polepole, kama mambo ya ofisi yanavyokwenda. Kamati ya watu watatu ilikaa. Mrefu aliitwa, akasema aliteleza yeye, na mlio aliusikia. Walipofungua stoo na kutoa nailoni ndipo wakagundua kwamba betri ya mashine ilikuwa imekufa. Miaka mitatu bila kuchajiwa. Hata kama ingeletwa kwa Fundi na gari la nguo, isingenyanyua kikombe.

Winchi aliposikia alicheka mpaka mgongo ukamkomesha.

Betri mpya ilichukua siku kumi na tisa. Walikuja watu wawili wakafundisha kwa asubuhi moja. Matroni alihamishiwa chumba cha mafaili, mshahara uleule, ila bila funguo. Mkataba wa Mrefu uliongezwa miezi mitatu badala ya sita, sababu haikuandikwa. Winchi alikubaliwa mwezi mmoja wa malipo kati ya wiki sita, na akaambiwa kwamba akirudi atakaa dobi, kukunja mashuka. Baadhi ya wenzake waliacha kumsalimia, walimpenda matroni. Wengine walimtumia salamu kwamba mgonjwa wa kitanda namba sita alipaa kwa mara ya kwanza akiwa ameshika mbeleko kwa mikono yote miwili, akiuliza kama kuna breki.

*

Nyumbani kwao hakukuja mashine yoyote. Alikuja mtaalamu wa viungo, ametumwa na daktari.

Alikuwa binti mdogo wa umbo, mwenye mkoba wa mgongoni, na Wifi alipomwona alisema kwa sauti isiyo ya chini, "Huyu naye ndiye ametumwa kumwinua kaka?"

"Siinui mtu, shangazi," binti alijibu. "Nina miaka sita katika kazi hii na sijainua mtu. Ndiyo maana bado nasimama."

Alitoa kwenye mkoba kitambaa chepesi kinachoteleza, kilichoshonwa kama mfuko usio na kitako, wazi pande zote mbili. Akamgeuza Fundi ubavu kwa kumkunja goti na kusukuma bega, bila kutumia nguvu, akakiingiza kitambaa chini yake, akamrudisha. Kisha akamwambia Wifi ashike ukingo wa tabaka la juu la kitambaa kwa vidole, avute. Wifi alivuta kwa nguvu zake zote kwa mazoea, na Fundi akateleza mpaka nusura agonge ukuta.

"Polepole," binti akasema. "Kitambaa kinasugua kitambaa, ngozi yake haisuguliwi. Kutoka kitandani hadi kitini mtahitaji ubao laini wa kuvukia, urefu huu, na kiti kiwe sawa na kitanda. Wawili mnatosha. Lakini hiki kimoja ndicho nilicho nacho, kinawazungukia wagonjwa wangu wote. Siwezi kukiacha."

Fundi alikuwa amekishika kile kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada, akikisugua. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mitano Winchi kuona uso ule, uso wa kazini, mdomo umechomoza kidogo.

"Hii ni nailoni," alisema. "Bitana nzito ya makoti itateleza kuliko hii. Mshono wameuweka mahali pabaya, utamchoma mtu. Hebu nipimieni."

Cherehani yake ya miguu haikumfaa tena. Wifi alikwenda kwa mke wa kinyozi akaazima ya mkono. Wakamwegemeza Fundi kwa mito, meza ikawekwa mapajani, na akashona siku mbili, akisimama kila baada ya muda kwa sababu mabega yalikuwa yamelegea. Mfuko wa kwanza aliufumua. Wa pili ulikuwa mzuri. Seremala alileta ubao, akausugua mbele yao mpaka ukang'aa.

Siku ya kwanza ya kuvuka ilikuwa Jumapili, saa tisa mchana. Winchi hakuruhusiwa kusaidia. Alilala mkekani kama alivyoagizwa, kando ya kitanda, huku Wifi na mke wa kinyozi wakihangaika juu yake. Alisikia kitambaa kikinong'ona. Alisikia ubao ukipokea uzito, Wifi akisema, "Egemea mbele, kaka, hivyo hivyo," na kiti kikiitikia. Alisubiri mguno. Hakuna aliyeguna.

"Imekwisha?" aliuliza kutoka chini.

"Imekwisha," Wifi akajibu, kana kwamba naye haamini. Alikaa kitandani, mahali alipokuwa kaka yake, akaitazama mikono yake. "Nitakwenda kwangu Jumamosi. Kuwaona watoto. Nitarudi Jumatatu."

Wanawake wawili walitoka kwenda kunywa maji. Fundi alibaki kitini, ubavuni mwa mkeka, kiti kikiwa kifupi kiasi kwamba mkono wake ukining'inia ulikaribia sakafu. Aliushusha. Winchi akaupokea.

Kwa miezi mitano alikuwa ameushika mkono ule asubuhi na jioni, na kila mara ilikuwa ni kuuvuta. Sasa alikuwa ameushika tu. Ulikuwa na joto, na vidoleni kulikuwa na matundu madogo mapya ya sindano.

"Unauma?" Fundi aliuliza. Alimaanisha mgongo.

"Unauma."

"Lala basi."

Akalala, mchana ule, mdomo wazi, na Fundi akakaa bila kujitikisa mpaka mkono ukafa ganzi.